Sauti ya Chumba cha Eda

Kabla sijapewa kipindi cha shule, nilikuwa nasoma tanzia. Kila siku saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, niliketi kwenye studio yetu ndogo hapa mjini Mtwara na kusoma vikaratasi vilivyoletwa na familia za wafiwa. Fulani wa Nanyamba amefariki dunia, maziko ni leo baada ya swala ya alasiri, habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Vikaratasi vingine vilifika vimelowa jasho la dereva wa bodaboda. Kimoja kiliandikwa nyuma ya jalada la daftari la shule, na upande wa mbele kulikuwa na jedwali la kuzidisha.

Mwanzoni sauti ilikuwa inanikatika. Mkuu wa vipindi akaniita akaniambia kwamba tanzia haitaki kilio, inataka kusikika; kuna mtu yuko mbali anategemea kupata saa ya maziko kutoka kwangu, na mimi nikikwamakwama atakuta kaburi limeshafukiwa. Alisema kweli. Nikajifunza kuvuta pumzi kabla ya jina na kushusha sauti baada ya mahali. Mwaka wa tatu hivi nikagundua kwamba nasoma huku nawaza mboga ya jioni.

Mama yangu alipofariki, tanzia yake niliisoma mwenyewe. Niliwaambia wenzangu wasimpe mtu mwingine. Nikaisoma mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata herufi, kisha nikasoma na tangazo la chanjo ya kuku lililofuata. Wakanipigia makofi nje ya kioo, wakasema nina moyo wa chuma. Nikaenda msibani, nikachambua mchele, nikapokea mikono ya watu, nikaitikia amina palipohitaji amina. Nilikuwa nasubiri kilio kije kama mtu anavyosubiri umeme urudi. Siku zikapita, nikazoea kukaa bila umeme.

Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa kuwafundisha watoto kuwahurumia wenzao.

Kipindi kilianza na semina. Tulikuwa walimu na watangazaji, siku tatu, chai na maandazi saa nne, vyeti siku ya mwisho. Mwezeshaji alitubandikia ukutani karatasi kubwa yenye nyuso zilizochorwa: uso unaolia, uso wenye hasira, uso unaotabasamu, uso ulioogopa. Kila mmoja wetu akapewa kikaratasi cha rangi akabandike kwenye uso unaofanana na hali yake ya siku hiyo. Mimi nikabandika changu pembeni, mahali pasipochorwa kitu. Mwezeshaji akadhani nimekosea, akakibandua na kukihamishia kwenye uso unaotabasamu. Sikubishana naye. Chakula cha mchana kilikuwa karibu.

Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri, sitaki kukisema vibaya. Kila Jumatano saa nne asubuhi, kwa dakika ishirini, shule zenye redio ziliwakusanya watoto wa madarasa ya juu wakasikiliza kisa cha kweli cha mtu mwenye maisha tofauti na yao. Baada ya hapo walijibu maswali mawili kwenye karatasi: Jambo gani limekugusa? Ungekuwa jirani yake, ungefanya nini? Jumamosi alasiri kilirudiwa kwa ajili ya vijijini, kwa sababu Jumatano asubuhi watu wako mashambani. Tulizungumza na kijana asiyeona anayebangua korosho, na mzee aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu. Walimu walituletea majibu ya watoto kwenye bahasha. Karibu karatasi zote ziliandikwa "nimeguswa sana." Nilizihesabu kwa shule, nikazifunga kwa mpira.

Halafu Mto Ruvuma ukajaa, ukatapika kwenye mashamba ya mpunga ya bondeni. Mkuu wa vipindi akasema hicho ndicho kisa cha Jumatano. Watoto wa mjini hawajui kwamba wali wanaokula una watu nyuma yake. Nikatumwa mimi na fundi mitambo. Tulipita Madimba asubuhi na mapema, na mbele zaidi barabara ikageuka tope, tukaliacha gari na kupanda bodaboda hadi kijiji ambacho sitakitaja.

Mwenyekiti wa kijiji alitutajia mwanamke mmoja aliyefiwa na mumewe kwenye mafuriko, lakini akasema yuko eda. Kwa asiyejua, eda ni muda anaokaa mjane baada ya kifo cha mumewe, miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, haonani na wanaume wa nje. Kuna wanaosema dini haikatazi sauti yake isikike. Wapo. Lakini pale kijijini desturi ni kwamba hata sauti ya mjane hukaa ndani pamoja naye, na anayepita njiani hatakiwi kuisikia. Fundi mitambo akabaki chini ya mti wa korosho. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke, nikaruhusiwa kuingia.

Mama mkwe wake ndiye aliyenifungulia. Yule mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika kanga nyeupe, mwanamke wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Tulisalimiana, nikampa pole. Nilitoa kinasa sauti nikakiweka katikati yetu, akakitazama.

"Sauti yangu itatoka nje?" akaniuliza.

"Haitatoka, dada. Nanasa ili nisisahau. Redioni nitasoma mimi mwenyewe kwa sauti yangu, bila jina lako wala la kijiji."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Mama mkwe akatoka kwenda kuchota maji, ndipo yule mjane akaanza kusema. Walikuwa wamehamia shambani kwa msimu, yeye na mumewe, wakilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, wakifukuza ndege mchana na nguruwe pori alfajiri. Binti yao alikuwa mjini kwa mama yake mdogo, anasoma. Siku ile maji yalipoanza kupanda walitoka wote wawili wakiwa na mizigo, wakafika mahali pa juu salama. Pale juu yeye akakumbuka sufuria. Lilibaki mafigani, na ndani yake kulikuwa na wali wa asubuhi. Akamwambia mumewe, sufuria letu limebaki. Hakumwambia akalichukue. Alisema tu limebaki. Mume akacheka, akasema utanifanya nile kwenye kifuu, akashuka.

"Mpaka leo hakuna anayejua kwamba ni mimi niliyelitaja sufuria," alisema. "Wenyewe wanajua alirudi kufuata mbegu. Mama mkwe wangu ananilisha kwa mkono wake kila siku, na mimi nakula."

Alilia kidogo kidogo, akijizuia ili asisikike nje. Nikatikisa kichwa pale panapotakiwa kutikisa kichwa. Nilikuwa naangalia taa nyekundu ya kinasa sauti nikiomba betri isiishe.

Niliporudi studio nilikaa kuandika, na niliandika vizuri. Kuandika sijawahi kusahau. Nikaingia kusoma. Nikasoma mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mkuu wa vipindi alikuwa upande wa pili wa kioo, akavua vifaa vya masikioni.

"Dada, hii unaisoma kama tangazo la maji kukatika."

"Nirudie?"

"Umesharudia. Huyo mama sauti yake si unayo?"

Nikamwambia nimemwahidi. Akaniuliza nimemwahidi nini hasa, jina si halitatajwa? Akasema watoto wanahitaji kuguswa, na mimi hapo siwagusi. Hakunilazimisha, niseme ukweli. Alikwenda kunywa chai akaniachia uamuzi. Niliisikiliza sauti yangu tena nikaona kweli haina kitu. Mtu angeweza kuisikiliza akiwa anakata kucha. Nikafungua sauti ya yule mjane. Nikaipanga, nikakata kikohozi cha fundi mitambo kilichosikika kwa mbali, nikabakiza sufuria, nikabakiza kicheko cha mume alichokiigiza, nikabakiza kile kilio cha kujizuia. Kazi hiyo ilinichukua chini ya saa moja. Ningependa kusema kwamba mkono ulinitetemeka. Haukutetemeka.

Jumatano hiyo nilikwenda kusikiliza pamoja na darasa la sita la shule moja ya hapa mjini, maana tulitakiwa kuripoti jinsi watoto wanavyopokea. Mwalimu wa darasa alikuwa amepanga madawati nusu duara na kuweka redio juu ya meza yake. Nilikaa nyuma na daftari langu. Sauti ya mjane ilipoanza, darasa likatulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Dakika ya tano wasichana wawili wa mbele walikuwa wanalia. Mwalimu akanigeukia, akanionyesha kwa macho: umeona? Nikaandika: dakika ya tano, wanafunzi wawili wanalia.

Ilipofika kwenye sufuria, msichana mmoja wa dawati la dirishani akainuka. Alitembea taratibu hadi mezani, akazima redio, akarudi kuketi.

"Nani kakuruhusu?" mwalimu akauliza.

Yule binti hakuinua macho.

"Mama yuko eda," akasema.

Watoto wa Mtwara wanajua eda ni nini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mwalimu alinitazama, mimi nikatazama daftari langu. Nilikuwa nimeshaandika: kipindi kilikatika dakika ya tisa. Halafu msichana mmoja wa mbele, mmoja wa wale waliokuwa wanalia, machozi yakiwa bado mashavuni, akageuka akamuuliza mwenzake kwa shauku kabisa, "Kwa hiyo aliyekufa ni baba yako? Na mama yako ndiye aliyemwambia?" Darasa zima likageuka kumwangalia. Hawakuwa watoto wabaya. Tulikuwa tumewafundisha kuuliza maswali.

Yule binti alikuwa amelisikia la sufuria kwa mara ya kwanza pale, kwenye redio, mbele ya wenzake arobaini na kitu. Nilijua hilo. Nilikaa nalo kichwani kama ninavyojua kwamba bandari iko kule na soko liko huku.

Wakati wa mapumziko alinifuata nyuma ya madarasa. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Jumamosi mnarudia?"

"Ndiyo, hurudiwa."

"Jumamosi kijijini wanasikiliza. Baba mkubwa anasikiliza. Akisikia atamfukuza mama."

Baba mkubwa ni kaka wa marehemu. Nikamwambia nitaangalia. Ndilo neno nililompa, nitaangalia, kama karani wa ofisi, na yeye akashukuru, akasema ahsante mama, kwa adabu, akarudi darasani.

Niliangalia kweli. Nilimweleza mkuu wa vipindi yote, pamoja na kile kiapo. Akasema sauti ile niifute. Jumamosi alasiri sikuweka sauti yoyote iliyonaswa. Nilisoma mwenyewe, moja kwa moja hewani, bila sufuria, kwa sauti yangu ya maji kukatika. Msikilizaji mmoja akapiga simu kulalamika kwamba kile cha Jumatano kilikuwa bora zaidi. Nikamuuliza amekisikiaje Jumatano, si watu wako mashambani? Akanicheka. Akasema kipindi kimezunguka kwenye simu tangu Jumatano jioni, hata kule bondeni wanacho.

Jumatatu nilipanda gari la abiria la Madimba na kumalizia kwa bodaboda. Sikutumwa na mtu. Ningesema dhamiri ilinisukuma, lakini sina hakika kama nilisukumwa na kitu. Nilikwenda tu kwa sababu ndiko kulikobaki.

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini akimenya muhogo. Hakunikaribisha.

"Wewe ndo uliyekuja na kile kidude."

"Ndiyo, mama."

"Nimekufungulia nlango mwenyewe. Nikakuacha na ntoto wangu, nikaenda kuchota maji. Ntu gani wewe?"

Nilisema nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kumenya. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, kwamba mwanawe mkubwa ameshakuja na wazee wawili. Wamesema mjane ameharibu eda, na kwamba kumbe ndiye aliyemrudisha ndugu yao kwenye maji. Akimaliza siku zake afungashe arudi kwao.

"Na wewe mama umesemaje?"

"Nimesema nyumba hii yangu." Akatupa ganda la muhogo pembeni. "Lakini nami nna miaka mingapi? Nkifa, nani atasema?"

Halafu akasogeza mguu wake kidogo, nikapita.

Mjane alikuwa palepale kwenye mkeka, kanga ileile nyeupe. Niliketi nikaanza kusema nilichokipanga njiani, nimekosa, nilikuahidi. Akainua mkono, nikanyamaza. Akavuta mkoba wangu kutoka begani kwangu, akaufungua na kuanza kutoa kimoja kimoja: pochi, leso, kalamu, chupa ya maji, simu. Kinasa sauti sikuwa nacho. Alikagua hadi mfuko wa ndani. Akaichukua simu, akampa mama mkwe mlangoni, na mama mkwe akaenda kuiweka nje juu ya kinu. Mjane akarudisha vitu vyangu mkobani kwa mpangilio uleule, akaufunga.

"Binti yangu huko mjini umemwona? Hali yake?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Alizima redio, dada. Alisimama mbele ya darasa zima akaizima."

Akaitikia kwa kichwa.

"Mama ameniambia anajua," akasema. "Kuhusu sufuria. Alijua toka siku ya kwanza, maana sufuria halikuwemo kwenye mizigo. Alikuwa ananisubiri mimi nimwambie. Nami ningemwambia, siku yangu. Ulinichukulia siku yangu."

Nikamwambia tena nimekosa, na hata masikioni mwangu ilisikika kama kitu kilichoandikwa na mtu mwingine. Nadhani naye aliisikia hivyo, maana aliniangalia usoni muda mrefu, kwa udadisi, si kwa chuki.

"Wewe hujawahi kufiwa?"

"Nimefiwa na mama yangu."

"Sasa sema wewe."

"Niseme nini?"

"Mimi nimesema, ukasikia. Kila ntu amesikia. Sasa sema wewe."

Nikafungua kinywa. Sikukusudia mzaha, Mungu ni shahidi, lakini kilichotoka ni hiki: kwamba familia yetu inasikitika kutangaza kifo cha mama yetu mpendwa, kilichotokea hospitalini baada ya kuugua kwa muda mfupi, kwamba maziko yalifanyika nyumbani kwake, kwamba habari zimfikie kaka yake na shangazi na jamaa wote. Nilivuta pumzi kabla ya jina, nikashusha sauti baada ya mahali. Sikuwa na maneno mengine. Nilipofika mwisho nilijisikia aibu, na nililitambua hilo, kwa sababu muda mrefu ulikuwa umepita sijasikia kitu moyoni.

Mjane alikuwa amesikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Hiyo nimeisikia redioni," akasema. "Sema wewe."

Nje mama mkwe alikuwa ameacha kumenya. Nilitafuta mahali pa kuanzia. Nilipita kwenye hospitali, nikapita kwenye sanda, kwenye mchele niliouchambua, kote huko nilishapita mara nyingi na hakuna kitu. Kisha nikaona jiko la kwetu, na mama amechuchumaa, sufuria kapakata mapajani, anakwangua kwa kijiko huku akituambia watoto tutoke, tusimwangalie, kwa kuwa aliona aibu kuonekana anavyopenda.

"Mama alikuwa anapenda ukoko," nikasema, na sauti ikakatika hapohapo, kwenye neno ukoko.

Mjane akasogea karibu kwenye mkeka.

"Enhe," akasema.